Silabasi Moja, Serikali Nne

Machi 2025 gavana wa Ohio, Mike DeWine, alitia saini sheria inayovitaka vyuo vya umma vya jimbo lake viweke silabasi za kozi zao, yaani hati ambazo mwalimu huwapa wanafunzi zikieleza mada, vitabu na masharti ya kozi, mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma. Sheria hiyohiyo inaleta kozi ya lazima ya krediti tatu kuhusu uraia na serikali ya Marekani, na imetaja hata vya kusomwa: Katiba, Tangazo la Uhuru, angalau makala tano za Federalist (zile za kale zilizoandikwa kuitetea Katiba), barua ya Martin Luther King kutoka jela ya Birmingham. Septemba ya mwaka huohuo Texas A&M ikamfukuza mhadhiri wa kozi ya fasihi ya watoto baada ya video iliyorekodiwa darasani mwake kusambaa. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba aliyoyafundisha hayakulingana na maelezo ya kozi kwenye orodha rasmi ya chuo. Kabla mwezi haujaisha, rais wa chuo naye akaachia ngazi. Tangu hapo ugomvi umekuwa mmoja: nani aamue kinachosomwa darasani, mwanasiasa au mwalimu?

Ugomvi huo ni wa kweli, na nitaurudia. Lakini naona pande zote mbili zimeifungua silabasi kwenye ukurasa usio wenyewe. Ukichukua silabasi ya kozi ya utangulizi ya serikali ya Marekani, orodha ya vitabu na mada hula ukurasa mmoja, pengine miwili. Zinazobaki, kurasa nane, kumi, mara nyingine zaidi, ni masharti: mahudhurio, kazi iliyochelewa, udanganyifu, akili mnemba, ulemavu, faragha, kuacha kozi, rufaa. Hizo hazigombewi na mtu kwa sababu hazisomwi na mtu. Dai langu ni kwamba ndizo zinazoamua nani afaulu, na tena ndizo somo la kwanza la serikali ya Marekani, somo ambalo kozi yenyewe husahau kulifundisha. Kila mstari humo una mtunga sheria wake. Anayejua mstari upi uliandikwa na nani anajua pia aende kumwomba nani.

Kwanza, kwa nini kozi hii ipo kabisa? Mzazi wa Mwanza au Kisumu hushangaa akisikia kwamba binti yake anayesomea uuguzi Houston lazima ajue Seneti inavyozuia muswada. Katika Texas hiyo ni sheria ya jimbo. Kifungu cha 51.301 cha Kanuni ya Elimu kinamtaka anayehitimu shahada katika chuo cha umma awe na krediti sita za somo la serikali, zikigusa Katiba ya Marekani na katiba za majimbo, hasa ile ya Texas. Ndiyo maana kuna kozi mbili zenye namba zilezile jimbo zima, GOVT 2305 ya serikali kuu na GOVT 2306 ya Texas, na aliyefaulu moja kwenye chuo cha miaka miwili anahama nayo hadi chuo kikuu. Georgia inadai mwanafunzi aonyeshe anaijua Katiba ya taifa na ya jimbo. South Carolina ilipitisha sheria yake 2021. Florida imekwenda mbali zaidi: mbali na kozi kuna mtihani wa maswali 80, na anayepata 48 amepita. Serikali kuu, kwa upande wake, haina kozi inayoidai. Inachodai kutoka kwa vyuo vinavyopokea fedha zake ni kipindi kimoja cha elimu kila Septemba 17, Siku ya Katiba, na vyuo vingi hukimaliza kwa keki na vijitabu vya mfukoni vya Katiba.

Wapo wanaosema kozi hii ni mzigo wa kisiasa kwa watu wasiohusika, hasa mwanafunzi wa visa ambaye hapigi kura na anayelipa ada ya mgeni. Sidhani hoja hiyo ni ya kubezwa. Krediti sita ni fedha nyingi. Lakini tuwatazame pia waliokaa kwenye viti vya nyuma vya madarasa hayo. Katika mwaka wa fedha wa 2024 wakimbizi wengi kuliko wote waliopokelewa Marekani walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu kubwa yao huzungumza Kiswahili. Watoto wao sasa wamo vyuoni Texas, Kentucky, Ohio. Hao watakuwa raia. Tangu Oktoba 2025 mwombaji mpya wa uraia anasomea maswali 128 badala ya 100, anaulizwa hadi 20 na lazima apate 12. Kijana aliyepita GOVT 2305 hana haja ya kukariri. Na jioni, mezani, ndiye atakayemfundisha mama yake. Kwa hao kozi ina faida iliyo wazi. Kwa mwanafunzi wa visa faida iko kwingine, kwenye zile kurasa za nyuma.

Tuzifungue basi. Mstari unaosema mwalimu hatazungumza na mzazi kuhusu alama umetoka Washington. Ni sheria ya faragha ya elimu ya 1974, inayojulikana kwa kifupi chake, FERPA. Mstari kuhusu ulemavu nao ni wa Washington: kifungu cha 504 cha sheria ya 1973, kisha sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya 1990. Mstari unaosema utarajie kusoma saa mbili nje ya darasa kwa kila saa moja ya ndani unatokana na kanuni ya serikali kuu iliyoanza kutumika 2011 kueleza krediti ni nini. Krediti tatu, kwa hesabu hiyo, ni saa tisa kila wiki. Mstari kuhusu kuacha kozi ni wa Austin, mji mkuu wa Texas: aliyeanza chuo cha umma Texas kuanzia vuli ya 2007 haruhusiwi kuacha zaidi ya kozi sita katika masomo yake yote ya shahada ya kwanza. Ngazi za rufaa na ratiba ya mitihani ya mwisho ni za chuo. Na ule mstari unaotisha kuliko yote, kwamba kazi iliyochelewa inakatwa asilimia kumi kwa kila siku, ni wa mwalimu peke yake. Aliuandika mwenyewe, labda usiku wa kuamkia muhula, na anaweza kuulegeza kwa sentensi moja.

Serikali kuu, jimbo, chuo, mwalimu: ngazi nne kwenye hati moja. Sura ya tatu ya vitabu vingi vya kozi hii inaitwa ushirikisho, yaani namna madaraka yanavyogawanywa kati ya taifa na majimbo, na mwanafunzi huisoma kwa mifano ya bangi na leseni za udereva huku mfano ulio hai umelala chini ya daftari lake. Nimewaona vijana wakimlilia mwalimu kwa jambo ambalo hana mamlaka nalo, kama kuondolewa kwenye hesabu ya kozi sita, na papo hapo wakanyamaza juu ya insha iliyochelewa siku mbili, jambo ambalo lingekwisha kwa barua pepe ya mistari miwili. Waliliona tabaka moja tu la mamlaka, profesa, kama vile mwalimu mkuu wa shule ya bweni aliyekuwa sheria, mahakama na fimbo kwa wakati mmoja.

Dada yangu alikutana na tabaka la juu kabisa bila kujua. Mwanawe, aliyekuwa chuo kimoja cha Texas, alimwambia kwa simu amepata D kwenye kozi ya serikali. Dada akapiga chuoni kutoka Mwanza, saa nane usiku, akahamishwa kutoka dawati hadi dawati, na jibu likawa lilelile. Akanigeukia mimi: “Kaka, mtoto nimemzaa mimi, ada nalipa mimi, halafu wananiambia hawawezi kunionyesha alama zake?” Ndivyo sheria ya 1974 ilivyo. Mwanafunzi akiingia chuo, haki ya kumbukumbu zake inahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake, hata kama hajafika miaka kumi na minane. Mwanafunzi anaweza kusaini ridhaa mzazi aonyeshwe. Hilo ndilo dada alilopaswa kumwomba mwanawe, na fomu ipo kwenye ofisi ya msajili. Yule mama wa dawatini hakuwa na kiburi. Alikuwa anatii Bunge la Marekani.

Lakini hiyo D ilitoka wapi? Hapa ndipo matarajio yasiyoandikwa yanapouma kuliko yaliyoandikwa. Kijana aliyekulia kwenye mfumo wetu anajua kwamba mtihani wa mwisho ndio unaobeba. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ikikaa vizuri, mengine yatajipanga. Na ikikataa kuna sapu, mtihani wa marudio. Kozi ya utangulizi ya Marekani haijajengwa hivyo. Tuseme silabasi inagawa hivi: mitihani mitatu na insha asilimia 60, majaribio ya kila wiki asilimia 20, majadiliano ya mtandaoni asilimia 20. Kijana wa kwanza ni hodari, anapata 85 kwenye mitihani na insha, lakini nusu ya majaribio na majadiliano hakuyafanya kwa kuyaona mambo ya kitoto. Yale aliyofanya alipata 80. Hesabu yake: 51 kutoka kwenye kazi kubwa, 16 kutoka kwenye ndogo. Jumla 67, ambayo ni D. Wa pili si hodari, wastani wake kwenye kazi kubwa ni 72, ila vidogo vyote kavifanya na kupata 95. Anatoka na 81, B isiyo na wasiwasi. Mwenzetu ataangalia matokeo hayo na kusema wamempendelea. Hakuna aliyempendelea mtu. Kozi ilipima mazoea ya kila wiki, ikayapa thamani ya asilimia 40, ikaandika hivyo ukurasa wa nne.

Unaweza kuubishia mfumo huo. Mimi mwenyewe naona baadhi ya majadiliano hayo ya mtandaoni, “andika maneno 250 kisha mjibu mwenzako mmoja,” ni kupoteza muda wa watu wazima. Ila kuna jambo mtetezi wa mtihani mkubwa hapendi kulikubali: mtihani mmoja mkubwa humpa ushindi anayeweza kukesha siku tatu na desa, na humwangusha mama wa watoto wawili anayefanya kazi ya zamu ghalani. Vipande vidogo vimetapakaa muhula mzima, na vingi vinafanyika kwenye simu saa tano usiku. Vyuo vya miaka miwili vimejaa wanafunzi wa namna hiyo. Kwao silabasi yenye vipande kumi na vitano ni neema, mradi wameambiwa wiki ya kwanza kwamba vipande hivyo ndivyo kozi yenyewe.

Kuna na saa za ofisi. Kwa Kiswahili neno “ofisi ya mwalimu” linanuka adhabu. Mtu huitwa huko. Huku saa hizo mbili au tatu kwa wiki ni muda ambao mwalimu amekaa akimsubiri mwanafunzi aje na swali lolote, na mara nyingi hakuna anayekuja. Wanafunzi ambao wazazi wao walipita chuo wanajua. Wanaingia, wanauliza insha inatakiwa iweje, wanatoka na nusu ya majibu, wala hawajavunja sharti lolote. Mgeni anayeona aibu kumsumbua mkubwa anabaki nje kwa adabu zake mwenyewe. Kama kuna dhuluma kwenye kozi hizi, mimi naiona hapo kabla ya kuiona kwenye ukali wa tarehe.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia sana, na ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba silabasi ni mkataba. Walimu wengi wanapenda kuisema siku ya kwanza, na wanafunzi huirudisha kama silaha mwalimu anapobadili tarehe ya mtihani. Ni mkataba wa namna gani ulioandikwa na upande mmoja, usiojadiliwa, na wenye sentensi mwishoni kwamba mwandishi anaweza kuubadili? Mahakama za Marekani, kwa sehemu kubwa, zimekataa kuichukulia silabasi hivyo, na zinaheshimu sana uamuzi wa kitaaluma wa walimu. Mwaka 1978, katika kesi ya mwanafunzi wa udaktari aliyeondolewa chuo kikuu cha Missouri kwa sababu ya kazi hafifu hospitalini, Mahakama ya Juu ilisema uamuzi wa aina hiyo hauhitaji kikao cha kumsikiliza. Mwaka 1985, katika kesi ya Michigan dhidi ya mwanafunzi aliyeitwa Ewing, ikarudia kwa kauli moja kwamba majaji wasijigeuze wasahihishaji. Kijana anayefikiri atampeleka mwalimu mahakamani kwa ajili ya C atamtajirisha wakili.

Ila kuna mpaka, na mpaka huo ni historia yenyewe inayofundishwa kwenye kozi. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa chuo cha jimbo cha Alabama walikaa kwenye mgahawa wa wazungu mjini Montgomery wakidai kuhudumiwa. Chuo kikawafukuza baadhi yao bila kuwaambia kosa wala kuwasikiliza. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Dixon, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya shtaka na nafasi ya kujieleza, kwa kuwa Marekebisho ya 14 ya Katiba yanakataza jimbo kumnyang’anya mtu haki yake bila utaratibu wa haki. Weka Dixon na ile ya Missouri pamoja, upate ramani. Alama ni uamuzi wa kitaaluma. Ukiipinga, unapanda ngazi za ndani ya chuo na mwisho wake ni huko. Shtaka la udanganyifu ni la nidhamu. Hapo, katika chuo cha umma, una haki ya kuambiwa umefanya nini na haki ya kusikilizwa. Katika chuo binafsi Marekebisho ya 14 hayakulindi, kwa kuwa chuo hicho si serikali. Unategemea kilichoandikwa kwenye mwongozo wa wanafunzi, ambao mahakama nyingine zimekubali kuusoma kama ahadi inayokifunga chuo. Kwa hiyo anayesema “silabasi ni mkataba” amekosea hati. Silabasi inafanana zaidi na kanuni za wizara: imetungwa na mamlaka iliyo juu yako, inaweza kurekebishwa kwa taarifa, na nguvu yako ni kujua kanuni hiyo inakomea wapi.

Tofauti hiyo imekuwa ya dharura tangu ChatGPT iingie mwishoni mwa 2022. Aprili 2023 Turnitin, kampuni ya programu za kukagua insha zilizonakiliwa, ilileta kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba, na silabasi zikaota aya mpya. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vigunduzi saba vya aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu si fumbo: mtu anayeandika kwa lugha ya tatu hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na hicho ndicho kigunduzi kinachokishuku. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilikizima kigunduzi cha Turnitin Agosti 2023. Vyuo vingine bado vinakitumia, na aya za silabasi zinapishana: kozi hii inaruhusu akili mnemba kwa kupanga mawazo, ile inairuhusu kwa sarufi, ya tatu inaikataza kabisa, na masharti yote matatu ni ya mwanafunzi mmoja ndani ya muhula mmoja. Kijana wetu aliyezoea kupitisha insha yake kwenye programu ya kusahihisha Kiingereza anaweza kuwa amevunja sharti Jumatatu kwa jambo lililoruhusiwa Jumanne. Akishtakiwa, asiende kulia. Aulize kwa maandishi shtaka ni lipi na ushahidi ni upi, apeleke rasimu zake na historia ya faili, aombe kikao. Wenye mamlaka wanajua haki hiyo ipo. Ni yeye tu asiyejua.

Rudi sasa kwenye sheria za kuanika silabasi. Wanaozipinga wanasema zitawapa wachunguzi wa kisiasa orodha ya watu wa kuwinda, na baada ya yaliyotokea A&M huwezi kuwaambia wanaota. Mwalimu mwenye hofu ataandika silabasi ya mifupa mitupu: “Wiki ya 6: haki za kiraia,” basi. Wanaozitetea wanasema mlipa kodi ana haki ya kuona anacholipia. Kuna jambo pande zote mbili hulipita haraka. Texas ina sheria hii tangu 2009. Silabasi ya kila kozi ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma inatakiwa kupatikana ndani ya mibonyezo mitatu kutoka ukurasa wa kwanza wa chuo, bila nywila, ndani ya siku saba tangu masomo yaanze. Miaka zaidi ya kumi na mitano imepita, na waliofaidika na sheria hiyo ni wachache, kwa kuwa ilitungwa kwa jicho la kutafuta vitabu: ilivyovitaja ni kazi kuu na mitihani, vitabu vya lazima, na mada za mihadhara. Masharti ya kuchelewa, mgawo wa vipande vidogo, ngazi za rufaa, hayo hayakumshughulisha mbunge. Na mwaka 2025 jimbo liliongeza sheria nyingine inayozipa bodi za vyuo, ambazo kwa vyuo vikuu wajumbe wake huteuliwa na gavana, nguvu zaidi juu ya kozi za lazima, GOVT 2305 ikiwamo. Kwa hiyo hofu ya walimu ina msingi, ila kuificha silabasi hakumlindi mwalimu aliye mbele ya simu thelathini zenye kamera, na kunamnyima mwanafunzi kitu pekee ambacho angekisoma kabla ya kulipa.

Wanasheria nao wamechangia kuuharibu ukurasa. Kila mwaka chuo kinaongeza aya ya lazima, na hakuna aya inayotolewa. Desemba 2021 ilisambaa habari ya mwalimu wa muziki wa Tennessee aliyeficha ndani ya silabasi yake namba ya kabati na namba za kufuli, ndani ya kabati kukiwa na dola 50 kwa atakayewahi. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70. Muhula uliisha, noti ipo palepale. Watu walicheka uvivu wa vijana. Mimi nilimwonea huruma msomaji. Hati ambayo sharti la kukuangusha na tangazo la maegesho vimeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja imeandikwa ili mwandishi ajikinge. Mwalimu wa kozi ya serikali ana nafasi ambayo wa kemia hana: anaweza kutumia saa nzima ya wiki ya kwanza kuwapa wanafunzi silabasi yake na kuwauliza, mstari kwa mstari, nani ameutunga na nani anaweza kuubadili. Angekuwa ameshafundisha ushirikisho, mgawanyo wa madaraka na haki ya kusikilizwa kabla hajafungua kitabu, tena kwa mfano unaomgusa kila aliyeketi pale.

Na vyama vyetu, vile vya Watanzania, Wakenya na Wakongo vya Dallas, Houston na kwingineko, vinavyokutana kwa misiba, harusi na sikukuu za uhuru, vina kazi hapa ambayo haihitaji mchango wa hata dola moja. Silabasi za Texas ziko wazi. Mtu aliyewahi kupita kozi hizi akikaa na vijana wapya jioni moja ya Agosti anaweza kuwaonyesha tarehe tatu tu. Ya kwanza ni siku ya kumi na mbili ya masomo, kwa muhula wa kawaida, ambayo ukiacha kozi kabla yake haihesabiwi kati ya zile sita. Ya pili ni pale muhula unapofika asilimia 60. Aliyejitoa kwenye masomo yote kabla ya hapo huku akitumia msaada wa fedha wa serikali kuu hudaiwa sehemu ya fedha hizo zirudi. Ya tatu ni siku ya mwisho ya kuacha kozi kwa W (amejitoa) badala ya F (ameanguka). Mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi, ana la ziada: lazima abaki na krediti 12, na katika hizo, za mtandaoni zinazohesabiwa zisizidi tatu, na asiiache kozi yoyote ya kumshusha chini ya hapo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwalimu wa serikali anaweza kumsainia fomu ya kuacha kozi kwa moyo mweupe kabisa, na kwa saini hiyo akamweka matatani na idara ya uhamiaji, kwa kuwa mstari huo haukuwa wake.

Mpwa wangu aliirudia ile kozi, kwa mwalimu mwingine. Wiki ya kwanza alinitumia picha ya ukurasa wa tano wa silabasi, mstari wa kazi zilizochelewa ameuzungushia wino mwekundu, na chini yake swali moja: “Mjomba, huu ni wa nani?”